Mashine Iliyolala na Petroli Yake

Mama mmoja wa Mbezi aliniletea mashine ya kukatia majani ikiwa nyuma ya bajaji, imefungwa kwa kamba ya katani. Aliipata mtandaoni kwa laki mbili. Kwenye picha ilikuwa nyekundu inang'aa, na alipokwenda kuitazama iliwaka kwa kuvuta kamba mara moja tu. Kesho yake, nyumbani kwake, ikagoma. Alivuta mpaka bega likamuuma.

"Fundi, nimetapeliwa?"

"Mama, ulipofika kwa muuzaji, injini uliikuta ya moto au ya baridi?"

Hakuwa ameigusa. Injini yenye kabureta chafu husumbua ikiwa baridi, lakini ikishapata moto huitika upesi, na muuzaji mjanja huiwasha kabla hujabisha hodi. Kwa hiyo ukifika, kabla salamu hazijaisha, sogeza kiganja karibu na silinda. Ukihisi joto, omba maji ya kunywa, piga soga, subiri ipoe. Pesa kwa simu usitume kabla ya hapo, hata ukiambiwa kuna mwingine yuko njiani anakuja kuichukua.

Mashine nyingi za mtumba zinazoitwa mbovu hazijafa. Zimelala na petroli yake. Petroli ikikaa miezi, sehemu yake nyepesi huruka na kinachobaki hugeuka utando wa kahawia, unanata na kunuka kama vanishi. Utando huo huziba jeti, kitundu chembamba ndani ya kabureta ambamo petroli hupita kwenda injini. Nilipofungua kikombe cha kabureta ya yule mama, chini kulikuwa na matone ya maji yakitelezateleza chini ya petroli, na kutu kando yake. Jeti nayo haikupitisha hata mwanga. Dawa ya kusafishia kabureta na upepo wa kompresa vilitosha. Wako mafundi wanaochokonoa kitundu hicho kwa waya wa chuma. Kikipanuka hata kidogo, mashine itakunywa petroli kupita kiasi na kutoa moshi mweusi.

Kisichosamehe ni krenki shafti iliyopinda, yaani ule mhimili unaozungusha kisu. Kisu cha sentimita 50 kinachozunguka mara 3,000 kwa dakika, ncha yake inakwenda karibu kilomita 280 kwa saa. Kikigonga jiwe au kisiki kwa mwendo huo, lazima kitu fulani kilipe. Shafti ikipinda, mashine itatetemeka mpaka boliti zilegee, na kuinyoosha mimi sikushauri hata siku moja. Kuipima ni rahisi, na hufanyika palepale kwa muuzaji: chomoa waya wa plagi, kisha plagi yenyewe. Laza mashine ubavu, upande wa kabureta ukiwa juu, la sivyo oili itamwagikia filta ya hewa. Mwombe mtu avute kamba taratibu huku wewe ukiikodolea macho boliti ya katikati ya kisu. Ikizunguka imetulia mahali pake, shafti iko salama. Ikichora kiduara, aga uende zako, rangi ing'ae namna gani.

Kuna kitu kingine kidogo ambacho wengi hawakijui. Juu ya injini kuna flaiwili, gurudumu zito lenye sumaku inayopita mbele ya koili ili plagi itoe moto. Kwenye injini nyingi za aina hii flaiwili hiyo hupangwa sawa na shafti kwa kabari ndogo ya madini laini. Kisu kikigonga jiwe, shafti husimama ghafla huku flaiwili ikitaka kuendelea, na kabari hukatwa au huhama kidogo. Tangu hapo moto wa plagi unakuja si wakati wake: injini inapiga mlio, inagoma, kamba inarudi na kukuchapa vidole. Mwenye mashine atabadilisha plagi, kisha koili, kisha kabureta nzima, bure. Niliwahi kuikuta moja ambayo fundi aliyenitangulia alikata msumari akauchongea mahali pa kabari. Ustadi alikuwa nao, lakini ule ulaini umewekwa makusudi. Ukiweka chuma kigumu, jiwe linalofuata litaumaliza ugomvi wake na shafti.

Ya yule mama shafti ilikuwa imenyooka na kabari nzima. Nikamwaga oili nyeusi, nikatia mpya ya SAE 30, nikanoa kisu na kukining'iniza kwenye msumari ukutani nione kama upande mmoja unashuka. Ulishuka. Nikauondoa uzito kwa tupa.

Jumamosi akapiga simu. Majani yamekwisha, petroli imebaki nusu tangi, afanyeje? Injini yake haichanganyiwi oili kwenye petroli, nikamwambia aimimine kwenye gari lake, kisha awashe mashine aiache ingurume mpaka izime yenyewe.