Jua mkorosho unaumwa nini kabla ya kununua dawa

Mkorosho haupukutishi majani yote kwa pamoja, masika na kiangazi ni wa kijani. Kwa hiyo mkulima wa Nambilanje, wilayani Ruangwa, anaweza kudhani shamba lake ni zima, kumbe ugonjwa umeshaingia.

Hasara yake si ndogo. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Bei duni na mashamba kuachwa pori vilichangia, lakini ubwiriunga nao ulikuwa na sehemu yake.

Wakulima wengi hukimbilia salfa kila waonapo tatizo. Salfa ni kinga ya ubwiriunga tu. Ukiipulizia kwa ugonjwa mwingine umepoteza dawa, petroli na malipo ya kibarua.

Ubwiriunga huonekana kama unga mweupe au wa kijivu kwenye majani machanga na maua. Maua hugeuka kahawia na kukauka bila kufunga korosho. Kata mapema machipukizi ya ndani ya mti, kwani huko ndiko ugonjwa hujificha. Dalili za kwanza zikionekana kwenye maua, pulizia salfa alfajiri wakati upepo umetulia, kisha rudia kila baada ya siku 14.

Blaiti huleta madoa ya kahawia kwenye majani machanga, hasa wakati wa unyevu. Majani huonekana kama yameunguzwa na moto, kisha hudondoka. Ugonjwa huu unahitaji dawa nyingine ya ukungu.

Ukiona vidonda vyeusi kwenye vikonyo na ncha za matawi zikikauka, shuku mbu wa mikorosho. Huyu ni mdudu, si ugonjwa. Usiwaue majimoto walio mtini, maana humla.

Wa kuogopwa zaidi ni mnyauko fusari, ulioonekana mkoani Pwani mwaka 2012. Majani hugeuka manjano na kukauka, tawi moja kisha mti mzima. Ukikata tawi, ndani ya mti kuna michirizi ya kahawia. Vimelea vyake hukaa ardhini, hivyo kupulizia hakusaidii. Usihamishe udongo wala miche kutoka hapo, safisha panga lako, na umwite bwana shamba haraka.

Kagua mikorosho kila wiki tangu inapoanza kuchipua. Ukiwa na shaka, peleka tawi lenye dalili kwa ofisa ugani kabla ya kwenda duka la pembejeo. Kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kina wataalamu wa zao hili.