Je, Wajua? Matete Yanaweza Kupandisha Mafuriko

Mvua ni ileile, maji ni yaleyale, lakini kina cha mto kinaongezeka kwa nusu nzima! Hilo hutokea katika mto mpana pale ukinzani wa sakafu na kingo zake unapoongezeka mara mbili, kwa mfano kwa sababu ya matete.

• Wahandisi huupa ukinzani huo namba ndogo: n ya Manning. Saruji laini ni takriban 0.012. Mto msafi ulionyooka ni 0.030. Bonde lenye miti iliyosongamana hufikia 0.10 au zaidi.

• Robert Manning wa Ayalandi aliwasilisha fomula yake ya kasi ya maji mwaka 1889. Hakuwa amesomea rasmi elimu ya mwendo wa maji. Hadi leo, programu za kompyuta za kukadiria mafuriko huitegemea.

• Namba n haitulii. Maji yakiwa machache, nyasi husimama wima na kuyazuia. Yakija kwa nguvu, nyasi hulala, na maji huteleza juu yake.

• Kufyeka matete na kuzoa taka kabla ya masika hushusha kina cha maji. Ila mkisafisha sehemu ya juu peke yake, mafuriko huwafikia wa bondeni mapema zaidi. Safisheni mto mzima!