Mnyaa: Ua Imara, Utomvu wa Hatari

Mapinga, kando ya barabara ya Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, ni sehemu ya ukanda wa pwani ambamo mnyaa (Euphorbia tirucalli) umezoeleka kama ua wa viwanja na mashamba. Mifugo haiupendi, ukame hauudhuru, na tawi lililochomekwa ardhini huchipua lenyewe. Jina lake jingine, mtovua macho, limebeba onyo ambalo wengi hulipuuza.

Mnyaa hutambulika kwa matawi ya kijani, ya mviringo na laini, yenye unene wa penseli. Hauna miiba. Majani yake ni madogo na hupukutika mapema, hata mti ukaonekana hauna majani kabisa. Tawi likivunjika, hutoka utomvu mweupe kama maziwa. Utomvu huo peke yake si kitambulisho, kwani mpapai na mfenesi nao hutoa wa namna hiyo.

Kwa desturi, utomvu wa mnyaa hupakwa kwenye chunjua, hutiwa kwenye jino linalouma, na hutumika kama sumu ya kuvulia samaki. Nguvu yake hutokana na kemikali ziunguzazo, ziitwazo esta za diterpini. Kinachounguza chunjua huunguza pia kinywa na jicho. Aidha, majaribio ya maabara yameonyesha kuwa kemikali hizo huweza kuamsha virusi vya Epstein-Barr, vinavyohusishwa na saratani ya Burkitt kwa watoto. Kwa hiyo, utomvu huu haufai kunywewa wala kutiwa kinywani.

Aghalabu jicho huumia mtu anapopunguza ua kwa panga. Maumivu huweza kuanza kidogo, kisha yakazidi kwa saa kadhaa. Jicho huwa jekundu, hutoa machozi, huumizwa na mwanga na huona ukungu. Jicho lioshwe mara moja kwa maji safi yanayotiririka, kwa dakika 15 hadi 30. Lisisuguliwe, wala lisitiwe maziwa au dawa ya mitishamba. Mgonjwa afike kituoni siku hiyohiyo.

Mhudumu wa afya amuulize kila mwenye jicho jekundu la ghafla kama alikuwa akikata ua. Aoshe tena, apime uwezo wa kuona, na ampe rufaa kwenda kliniki ya macho. Matone yenye steroidi yasitolewe bila uchunguzi wa mtaalamu. Wanaotibiwa mapema wengi hupona.

Miwani ya kukinga macho, glavu, na kunawa kwa sabuni baada ya kazi huzuia madhara haya.