Lipige Picha Ua Kabla ya Kulichuma



Wakati wa mvua maua ya porini huchanua kando ya njia zetu. Kutembea na watoto, kuyapiga picha kwa simu na kuyatafutia majina ni burudani nzuri na mazoezi ya mwili. Tena huwakinga watoto na sumu.

Chukueni mfano wa mnanaha, unaoota jalalani na katika mashamba ya mahindi. Ua lake ni refu kama tarumbeta, jeupe au la zambarau. Tunda lake lina miiba. Mmea wote una sumu. Aliyeula hukaukiwa na mdomo, mboni za macho hupanuka, moyo huenda mbio, kisha huweweseka. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, watu karibu 300 waliugua na 5 walifariki kwa kula uji uliochanganyika na mbegu za mnanaha.

Picha ya ua peke yake haitoshi. Pigeni:

1. ua, mbele na ubavuni;
2. majani na shina;
3. tunda;
4. mmea mzima.

Andikeni tarehe na mahali, kisha waulizeni wazee jina lake. Programu za simu husaidia, lakini hukosea. Msile wala kuchemsha mmea kwa kuzitegemea.

Mtoto akila mmea msioujua, msimtapishe. Mpelekeni hospitali upesi, pamoja na picha au tawi la mmea huo. Mganga akiutambua, hatapoteza muda.