Wi-Fi Isiyofika Chumba cha Nyuma

Wi-Fi ya nyumbani hudhoofishwa na umbali na vizuizi. Ruta hurusha mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Yale ya 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini kasi yake ni ndogo; yale ya 5 yana kasi kubwa, ila kuta mbili tatu hutosha kuyamaliza nguvu. Matofali ya kuchoma huyapunguza, zege lenye nondo huyapunguza zaidi, maji ya kwenye tanki huyafyonza, na bati huyarudisha yalikotoka.

Vizuizi hivyo vyote hukutana katika makazi ya ukanda wa dhahabu wa Kanda ya Ziwa, Tanzania. Kahama, Geita na Katoro ni miji iliyokua pamoja na uchimbaji. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001. Kiwanja kimoja mara nyingi huwa na nyumba kubwa, vyumba vya kupangisha uani, kibanda cha mlinzi getini na fremu za maduka zenye milango ya chuma zikitazama barabara. Ruta moja haiwezi kuhudumia eneo lote hilo.

Tena ruta yenyewe ni nadra kukaa katikati. Inayotumia laini ya 4G au 5G huwekwa dirishani, upande ulio na mnara, kwa kuwa paa la bati na kuta hudhoofisha mawimbi ya mnara pia. Ya faiba hukaa pale waya unapoingilia, kwa kawaida sebuleni. Kwa hiyo sehemu ya mawimbi humwagika nje, huku chumba cha nyuma kikikosa.

Kabla ya kununua chochote, inafaa kupima. Kasi ipimwe kwa simu mita moja hivi kutoka kwenye ruta, kisha ipimwe chumbani. Ikiwa karibu na ruta ni megabiti 20 kwa sekunde na chumbani ni 2, tatizo ni usambazaji, na mfumo wa vituo vya Wi-Fi uitwao meshi utasaidia. Ikiwa kote ni 3, tatizo ni kifurushi au mnara. Meshi ni sawa na mabomba ya ndani ya nyumba: hufikisha maji kila chumba, lakini hayaongezi maji yanayosukumwa kutoka chanzo cha Ihelele, Ziwa Victoria. Programu za bure za simu huonyesha pia nguvu ya mawimbi kwa dBm: −50 ni nzuri sana, −67 inatosha kupiga simu ya video, na ikishuka chini ya −80 mtandao hukatika-katika.

Yapo marekebisho yasiyo na gharama. Ruta ipandishwe juu ya kabati, iondolewe nyuma ya runinga na mbali na jokofu. Katika nyumba za wapangaji, ambako ruta nyingi zimebanana, chaneli 1, 6 na 11 za gigahezi 2.4 ndizo zisizoingiliana. Ichaguliwe ile yenye msongamano mdogo. Hayo yakishindikana, ndipo meshi ifikiriwe.

Mfumo wa meshi ni vituo viwili au zaidi vinavyofanya kazi kama mtandao mmoja. Kituo kikuu huunganishwa na ruta kwa waya mfupi; vingine hutawanywa nyumbani na huwasiliana nacho moja kwa moja au kwa kupitia kituo jirani. Vyote hutangaza jina moja na hutumia nenosiri moja. Hapo ndipo vinapotofautiana na ripita nyingi za kuchomeka ukutani, ambazo huanzisha jina la pili na kuiacha simu iking'ang'ania mawimbi hafifu. Mtu anayeongea kwa WhatsApp akitoka sebuleni kwenda jikoni, vituo huielekeza simu yake ihamie kwenye kilicho karibu, ingawa uamuzi wa mwisho hubaki kwa simu yenyewe. Mwaka 2018 Wi-Fi Alliance ilitoa kiwango cha EasyMesh ili vituo vya kampuni tofauti vielewane. Visivyo na kiwango hicho vinunuliwe vya kampuni moja.

Kosa la kawaida ni kuweka kituo cha pili kwenye chumba kilichokosa mtandao. Kituo kisichopata mawimbi hakina cha kusambaza. Mahali pake ni katikati ya njia, kwenye korido kwa mfano, pale simu inaposoma −60 hadi −65. Wi-Fi ya ruta yenyewe izimwe ili isiingiliane na meshi.

Kituo kinachotumia redio ileile kuhudumia simu na kuwasiliana na kikuu hugawa muda wake, na kasi hushuka hadi karibu nusu kwa kila hatua. Vituo vya bendi tatu huweza kutenga bendi moja kwa mawasiliano yao wenyewe, lakini bei yake iko juu. Dawa bora ni waya: Cat5e au Cat6 hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100. Waya huo upite ndani ya nyumba. Kanda ya Ziwa ina radi nyingi, na waya wa shaba unaokatiza uwanja huweza kupitisha mshtuko unaounguza vifaa vya pande zote mbili. Vyumba vya uani viunganishwe kwa mawimbi, au kwa waya wa faiba usio na chuma ndani, ambao haupitishi umeme.

Kila kituo huhitaji soketi yake, na umeme ukikatika vyote huzima. Vingi hutumia volti 12, hivyo betri ndogo za ruta zinaweza kuviendesha kwa saa kadhaa, mradi ruta nayo iwe na yake. Kwa nyumba ya vyumba vitatu au vinne, vituo viwili kwa kawaida hutosha. Cha tatu kiongezwe tu pale vipimo vinaporudiwa na kuonyesha bado kuna pengo.