Barua za Askari wa Vita vya Marekani na Ushahidi Wake wa Lugha

Barua ya askari wa kawaida katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyopiganwa kuanzia 1861 hadi 1865, huanza mara nyingi kwa namna moja. Askari hueleza kwamba ameshika kalamu ili awaarifu jamaa zake kuwa yu mzima, na kwamba anatumaini mistari hii michache itawakuta nao katika neema iyo hiyo. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa, kwani "mimi mzima, hofu ni kwako" ni maamkizi ya jinsi hiyo hiyo. Maneno hayo yalikaririwa, na aghalabu yameendelezwa vizuri kuliko yale yafuatayo. Ni pale mwandishi anapoyaacha maamkizi na kusimulia mapambano ya juzi ndipo sauti yake mwenyewe huanza kusikika.

Masimulizi hayo si ya vita vikubwa tu kama vya Gettysburg. Mengi ni habari za mapambano madogo. Kabla ya majeshi kukutana, kila upande ulitanguliza safu nyembamba ya askari waliotawanyika, wakijikinga nyuma ya miti na nyua, ili wampime adui kwa risasi. Waingereza huliita pambano hilo skirmish, neno lililopokewa kutoka Kifaransa cha kale, na ambalo shina lake la Kijerumani lilikuwa na maana ya kukinga. Kiswahili hakina neno moja lilinganalo nalo barabara. "Mapigano madogo" yataja ukubwa lakini hayaonyeshi kutawanyika. "Kurushiana risasi" kwaonyesha kitendo lakini kwasahau mpango. Mfasiri afadhali aseme kwamba askari waliotangulizwa walirushiana risasi, ingawa sentensi itarefuka.

Thamani ya barua hizi kwa mtaalamu wa lugha imo katika makosa yake. Askari aliyesoma miezi michache tu aliandika kama alivyosikia: thar badala ya there, git badala ya get, na hit badala ya it. Hilo la mwisho si kosa hata kidogo. Ni umbo la kale la Kiingereza lililobaki vinywani mwa watu wa milimani baada ya vitabu kuliacha. Vivyo hivyo katika vitenzi. Wengi wa Kusini hutia kiishio -s kiima kikiwa jina la wingi, kwa utaratibu wa the men fights, lakini husema they fight kiima kikiwa kiwakilishi kilicho karibu na kitenzi. Mwalimu wa shule angelipiga msitari mwekundu. Kumbe hiyo ni kanuni ya Uskoti na kaskazini ya Uingereza, iliyovuka bahari pamoja na wahamiaji wa Ulster. Michael Ellis aliutumia ushahidi wa barua kama hizi katika kitabu chake cha Kiingereza cha North Carolina kilichotolewa 2013. (Waraka wa kale wa Kiswahili kwa hati za Kiarabu hautupi msaada kama huo, kwa kuwa alama tatu za irabu hazipambanui e na i, wala o na u.)

Kwa hiyo mhariri anayesahihisha maendelezo kabla ya kuchapisha huufuta ushahidi wenyewe, hata akiwa na nia njema. Tahadhari nyingine yahusu barua zilizoandikwa na mkono wa mwingine. Katika askari weusi wapatao 180,000 wa jeshi la Kaskazini, wengi walikuwa watumwa walionyimwa elimu, nao walimwambia mwenzao awaandikie. Lahaja ya nani basi ndiyo iliyomo?

Barua nyingi zimehifadhiwa Washington kwa sababu ya sheria ya 1862 iliyowapa pensheni wajane na mama waliotegemea wana wao. Mama alipaswa kuthibitisha kwamba mwanawe alikuwa akimtunza. Aliitoa barua, pengine ya mwisho aliyoipata, naye karani akaitia jaladani, ambamo nyingi zingalimo. Zilizotolewa zilikuwa hasa zile zilizotaja fedha zilizopelekwa nyumbani. Anayehesabu maneno katika majalada hayo akumbuke kwamba barua iliyosimulia risasi peke yake haikumsaidia mama yule, na huenda alibaki nayo.