Bwawa Likinuka, Nani Alaumiwe?

Ukichimba bwawa la kuogelea nyumbani, huna haja ya kutafuta washauri, watakuja wenyewe. Fundi ana lake, jirani ana lake, na shemeji aliyewahi kulala hotelini Nungwi siku mbili ana mengi kuliko wote. Bila shaka nawe umeyasikia. Tuyapime.

"Bwawa linalonuka klorini sana ndilo safi." Si kweli, mara nyingi ni kinyume chake. Klorini iliyo huru majini, ile inayoua vijidudu, haina harufu kali. Kinachopanda puani ni kloramini, zinazozaliwa klorini inapokutana na jasho na mkojo. Hizo ndizo zinazowasha macho. Mtoto akitoka majini macho mekundu kama aliyekuwa akimenya vitunguu, usikimbilie kulaumu wingi wa dawa. Uliza ni wangapi waliojitosa bila kuoga. Cha ajabu, tiba yake kwa kawaida ni kuongeza klorini: dozi moja kubwa, ya kutosha kuzivunja kloramini, na watu wote wakae nje mpaka kipimo kirudi chini.

"Ukiona sakafu ya bwawa, maji ni salama." Si kweli. Usipoiona, hapo ni kweli kwamba mtu asiingie, lakini kuiona hakutoshi, maana jicho halisomi pH. Inatakiwa iwe kati ya 7.2 na 7.8. Ikipanda hadi 8, ni kama robo tu ya klorini yako inayobaki na makali, nawe unaendelea kumwaga na kumlaumu muuza dawa. Ukishusha pH kwa asidi, usiichanganye kamwe na klorini kwenye ndoo moja: hutoa gesi yenye sumu. Tena yupo kijidudu wa kuharisha, Cryptosporidium, anayeweza kuishi zaidi ya siku 7 katika maji yaliyotiwa dawa sawasawa. Anayeharisha haingii, hata maji yang'ae namna gani.

"Dawa hutiwa jioni." Kweli tupu, na mafundi wa zamani wapewe heshima yao. Jua huila klorini isiyo na kinga; nusu yake yaweza kutoweka ndani ya saa moja. Ukiimwaga saa sita mchana, mwezi wa Februari, Mombasa, umelilisha jua. Vile vidonge vikubwa vya klorini huja na kinga yake, asidi ya sayanuriki, ila kinga hiyo haiondoki. Hujilimbikiza mwezi hata mwezi mpaka klorini inazubaa, na hapo hakuna ujanja ila kupunguza maji na kutia mapya.

"Shabu husafisha maji." Nusu kweli. Bibi zetu waliizungusha ndani ya mtungi wa maji ya mto, tope likashuka, na mitambo mingi ya maji mijini hutumia kemikali ya ukoo huohuo. Shabu hukusanya chembe ndogo zikawa mabonge mazito yanayozama. Bwawani hufanya vilevile: koroga, zima pampu, lala. Asubuhi fyonza tope lile na kulimwaga nje moja kwa moja. Ukilipitisha kwenye chujio, umeliziba. Lakini kung'arisha si kuua vijidudu. Bibi mwerevu aliyachemsha maji yale kabla ya kuyanywa.

"Klorini hugeuza nywele kuwa kijani." Si kweli. Ni shaba, mara nyingi kutoka kwenye mrututu uliomwagwa kuua ukijani wa maji.

"Bwawa la chumvi halina klorini." Si kweli. Mashine hupitisha umeme katika maji hayo ya chumvi na kutengeneza klorini ileile.

"Likaushe wakati wa masika, mvua italijaza bure." Si kweli, na hili ndilo kosa linalouza gari la mtu. Maji ya ardhini yakipanda, bwawa tupu ni kama ngalawa: husukumwa kutoka chini, likanyanyuka, zege likapasuka na mabomba yakakatika. Uzito wa maji yaliyomo ndio unaolishikilia. Kama ni lazima ulikaushe, subiri kiangazi, na fundi ahakikishe kwanza maji ya ardhini yako wapi.

"Asipoogelea mtu, zima pampu uokoe umeme." Si kweli. Punguza saa ukitaka, lakini usiyaache maji yasimame: katika joto la pwani, siku 7 hadi 10 zinatosha yai la mbu kuwa mbu anayeruka.

"Kuna dawa inayobadilisha rangi ya maji mtu akikojoa." Si kweli, hakuna. Lakini mpwa wangu wa miaka saba anaiamini kwa moyo wote, na kwa sababu ya zile kloramini, mimi sina mpango wa kumwambia.